Mapumziko ya Mkulima

Mvua ya kwanza ilinyesha Jumatatu alasiri, ikanyesha mpaka jioni bila kupumua. Jumanne, jua halijachomoza, Mama Pacha alikuwa ameshashusha debe la mbegu kutoka darini jikoni, ameshatupa punje zilizotobolewa na wadudu, na ameshaegemeza majembe matatu mlangoni: la kwake, la mama mkwe wake, na lile lenye mpini mfupi la mapacha wake wa kike, wenye miaka kumi na mmoja, ambao walilitumia kwa zamu huku wakigombana. Jembe la nne lilikuwa la mumewe. Hilo hakuligusa. Alitaka mwenyewe alitoe.

Mumewe alitoka ndani amevaa kofia ya njano, na mkononi ana filimbi.

“Baba Pacha, mvua imenyesha,” alimwambia.

“Nimeisikia.”

“Sasa filimbi ya nini?”

“Leo ni zamu ya watu wote. Msingi wa ukumbi umejaa maji.”

“Na shamba limejaa maji. Ya shamba ndiyo tuliyoyasubiri miezi saba.”

“Siku mbili tu, mke wangu. Tukimaliza kuyatoa, tunapanda.”

Bibi, mama yake huyo mwenye filimbi, alikuwa amekaa kwenye kigoda akifunga kamba za viatu vyake vya shamba, vya marehemu mumewe, vikubwa kuliko miguu yake. Hakuinua kichwa.

“Huyu nilimzaa msimu wa kupanda,” alisema. “Niliacha mstari katikati nikakimbizwa ndani. Tangu siku hiyo kazi yake ni kunikatisha.”

Mapacha walicheka. Baba yao hakucheka. Alitoka uani, akasimama katikati ya njia, akapuliza.

Watu walimwita Katibu. Kwa kazi alikuwa fundi cherehani, na ukatibu wa kamati ya maendeleo aliupata kwa sababu moja tu, mwandiko wake, ambao ulikuwa mzuri kuliko wa mwalimu mkuu. Mpango aliokuwa akiupigia filimbi uliitwa Kijiji Amka, na ulitoka nchi ya mbali sana, ambayo zamani, tuliambiwa, watu wake walikuwa na njaa kama sisi, na leo wanatuuzia magari. Huko serikali iliwapa wanakijiji saruji ikawaambia wajenge wanachotaka. Wakajenga madaraja, wakanyoosha barabara, wakaezeka upya nyumba zao. Mpango mzuri, huko kwao ulikuwa mzuri na sisemi kwa kebehi. Lakini mpaka ufike kwetu ulikuwa umepita katika ofisi sita, kila ofisi imenyofoa kitu na kubandika kitu, na kilichoshushwa kijijini ni mifuko mia tatu ya saruji, kofia za njano mia mbili, filimbi moja, na Mratibu. Ile sehemu ya kujenga mnachotaka sijui ilibaki ofisi gani. Sisi tuliambiwa tunataka ukumbi.

Vijiji viligawanywa katika madaraja matatu: Kilicholala, Kilichoketi na Kilichosimama. Chetu kilipewa daraja la Kilichoketi, na kibao kikasimikwa mlangoni mwa kijiji ili wapita njia wasikose habari. Wanawake wenye wajukuu walipita chini ya kibao kile kila siku, mizigo ya kuni kichwani, wakiambiwa wameketi.

Mama Pacha aliisikiliza ile filimbi ikizunguka kijiji kizima. Kisha akalirudisha debe jikoni, akachukua beseni la kufulia, akaenda.

*

Shimo la msingi lilikuwa na urefu wa hatua arobaini na maji yake yalifika kiunoni. Wanawake walisimama ndani kwa mistari miwili, wakichota kwa mabeseni na kupokezana mpaka ukingoni, ambako wanaume waliyamwaga. Waliyamwaga upande wa juu, kwa kuwa upande wa chini palikuwa pamepangwa mawe yaliyopakwa chokaa kwa ajili ya wageni, na Mratibu hakutaka yachafuke. Maji yakateremka taratibu kurudi shimoni. Saa tatu nzima watu wazima walihamisha maji yaleyale.

Saruji ilikuwa pembeni, imefunikwa turubai lenye matundu. Mifuko ya chini ilikuwa imeshaganda. Imekuwa mawe yenye maandishi.

“Shoga, wanasema wenzetu huko walifanya kazi hii huku wanaimba,” alisema mke wa kinyozi, ambaye ulimi wake haukuwa na breki.

“Walikuwa wanachota maji?” Mama Pacha aliuliza.

“Walikuwa wanaimba tu. Ya maji hatujaambiwa.”

“Basi anzisha wewe, tukuitikie.”

“Mimi sauti yangu niliiacha shambani. Nikipata ruhusa nitaifuata.”

Kicheko kikapita mstari mzima. Mratibu alikuwa juu ya ukingo, buti za mpira miguuni, mwavuli umefunguliwa japo mvua haikuwa ikinyesha. Alikuwa mtu wa kiasi cha miaka arobaini, msafi kupita kiasi, na alikuwa na tabia ya kuongea na wanawake huku akitazama juu ya vichwa vyao.

“Akina mama! Mikono ifanye kazi, midomo ipumzike.”

“Bwana Mratibu, samahani,” alisema Mama Pacha. Aliposema hivyo mstari ulipunguza mwendo. “Hao wenzetu walipokuwa wanajenga, walijenga miezi gani?”

Mratibu akafurahi. Alipenda maswali yenye majibu ndani ya kitabu. “Swali zuri. Mwezi wa kumi na mbili, wa kwanza na wa pili. Mwongozo uko wazi kabisa: ndiyo miezi ya mapumziko ya mkulima. Mavuno yako ghalani, watu wamekaa tu, wanacheza kamari, wanalewa. Mpango ukawatoa kwenye uvivu.”

“Na miezi hiyo huko kwao mvua inanyesha?”

“Mvua! Huko ni barafu, mama. Shamba lote jeupe. Hakuna kinachoota hata ukiombea.”

“Kwa hiyo wasingeweza kulima hata wangetaka.”

“Wasingeweza.”

“Sisi tunaweza.”

Mabeseni yalisimama. Mke wa kinyozi alianza kutazama maji kana kwamba ameangusha kitu humo. Mratibu alifunga mwavuli, akautikisa, akaufungua tena.

“Mpango huu umeinua nchi nzima,” alisema. “Wewe umeinua nini?” Kisha akageuka. “Katibu! Huyu si wa nyumbani kwako?”

“Ndiyo, Bwana Mratibu.”

“Muelimishe.”

Katibu aliinama juu ya daftari la mahudhurio akaandika. Hapakuwa na kitu cha kuandika. Mkewe alimwona akipitisha kalamu juu ya majina ambayo yalikuwa yameshaandikwa. Mtu aliyelala naye miaka kumi na mitatu. Alimwonea kinyaa ghafla, namna unavyoona unywele kwenye chakula ulichokuwa ukikila vizuri.

Alichota maji mpaka saa nane.

*

Udongo wa huku haubembelezi mtu. Ukilowa mara ya kwanza una siku nane, tisa ukibahatika, mbegu iwe chini. Mvua ya pili haina tarehe, na ikichelewa hukuta udongo umefunga, na shamba ambalo halijapandwa limekwisha habari yake mpaka mwaka mwingine. Haya kila mtu anayajua. Mapacha waliyajua. Mbuzi nadhani waliyajua.

Kwa hiyo jioni ile Mama Pacha alipoingia chumba cha cherehani na kukuta ratiba kubwa ya Kijiji Amka ukutani, alisimama mbele yake kwa muda mrefu. Alikuwa ameipita kila siku kwa wiki tano bila kuisoma, jinsi mtu anavyopita picha za vigogo ofisini. Mumewe alikuwa anashona bendera za njano. Kitambaa kilimjaa mapajani na kushuka mpaka sakafuni.

“Hii uliiandika wewe,” alisema.

“Niliinakili kutoka kwenye mwongozo.”

“Mwezi wa kumi na mbili mpaka wa pili, mapumziko ya mkulima.”

“Ndivyo ulivyo mwongozo.”

“Wakati unanakili hapo, Baba Pacha, hukukumbuka uko wapi?”

Cherehani ilinyamaza. Katibu hakuwa mwongo wa kuzaliwa. Uongo alijifunza ukubwani, na nyumbani ulikuwa bado unamshinda.

“Nilikumbuka,” alisema.

“Ukafanyaje?”

“Nilimuuliza Mratibu. Nikamwambia, bwana, kwetu miezi hii watu wako shambani. Akasema kitu kilichofanya kazi hakibadilishwi. Akasema tukibadilisha mwezi kesho tutataka kubadilisha kila kitu.”

“Ukaandika.”

“Niliandika kwa penseli kwanza.”

“Kisha?”

“Kisha kwa wino.”

Mama Pacha alikaa kwenye ukingo wa meza ya kukatia nguo. Alitaka kucheka na hakuweza.

“Mwenzangu, hukuona nilichokiona mimi,” Katibu alisema, na sauti yake ikawa na joto, kwa kuwa hilo alilisadiki kweli. Mpango ulikuwa umempeleka ile nchi ya mbali kwa siku kumi na mbili. “Nilikaa na wazee wawili, mume na mke, wakanionyesha daraja. Daraja dogo tu, la kuvuka mtu na mkokoteni. Walilijenga kwa mikono yao walipokuwa vijana. Yule bibi aliligonga kwa kiganja, hivi, kama anampigapiga mtoto mgongoni. Mimi nililia.”

“Hao wazee, nani aliwaambia wajenge daraja?”

“Waliamua wenyewe. Ndiyo ukurasa wa kwanza wa mwongozo. Wanakijiji wataamua wenyewe.”

“Na sisi tuliamua lini?”

“Tulitia sahihi.”

“Nani alitia?”

Aliyetia alikuwa yeye, na mwenyekiti, ambaye alikuwa anaumwa. Akaokota kitambaa kilichoanguka, akakipangusa vumbi. “Wageni wanakuja Jumatano ya wiki ijayo,” alisema. “Tukipata Kilichosimama, mimi nateuliwa mkufunzi wa wilaya. Kuna mshahara na kuna pikipiki. Wewe na wanao hamtashika jembe tena.”

“Mimi sijakuambia jembe limenichosha,” alisema mkewe. “Kesho naenda shambani.”

“Usinifanyie hivyo.”

“Nakufanyia nini? Naenda kupanda mahindi.”

*

Alienda Jumatano na Alhamisi. Walikuwa wanawake wawili, mmoja ana miaka sabini na mbili, na mapacha walipotoka shule. Bibi alichimba kwa kupiga magoti, hatua moja kwa hatua moja, na Mama Pacha akafuata na mbegu, mbili kila shimo, akifukia kwa kisigino. Shamba lilikuwa ekari mbili, na jioni ya Alhamisi nusu yake ilikuwa imeshiba mbegu, mistari imenyooka, udongo bado mweusi na mpole. Siku mbili nyingine tu zingetosha.

Ubao wa watoro ulikuwa umetundikwa dukani, mahali ambapo kila mtu lazima apite akinunua chumvi. Alhamisi ulikuwa na jina moja, kwa chaki nyekundu, mara mbili, kwa mwandiko ulionakshiwa vizuri, herufi zimelala upande mmoja kwa adabu: Mke wa Katibu. Chini yake kulikuwa na kanuni. Utoro wa siku tatu, kaya inafutwa kwenye orodha ya mbolea ya ruzuku.

Mama Pacha aliingia, akanunua kiberiti. Muuza duka alimrudishia chenji bila kumtazama, na wanaume wawili waliokuwa wamekaa kwenye makreti walianza kuongea habari za mpira kwa sauti ya juu mno.

“Ameuandika vizuri,” alisema Mama Pacha, akiutazama ubao. “Alipokuwa ananichumbia aliandika hivihivi.”

Nyumbani Bibi alimkuta mwanawe anakula. Alisimama mbele yake na vile viatu vyake vikubwa vyenye tope.

“Umemwandika mkeo ubaoni.”

“Mama, nisipomwandika watasema nina upendeleo.”

“Watasema nani?”

“Watu.”

“Hao watu, msimu wa njaa utakula kwao?” Bibi aliuliza. “Na mimi je? Mimi sikuhudhuria. Mbona hukuniandika?”

“Wewe ni mzee, Mama. Mwongozo umewatoa wazee.”

“Basi kitabu chenyewe kina akili kuliko wewe.”

Ijumaa Mama Pacha alirudi msingini. Bila mbolea hata ile nusu iliyopandwa ingetoa mabua ya kulisha mbuzi. Hilo alilipima usiku kucha kichwani na halikuwa na njia ya pili. Alichota, akabeba kokoto, akaimba alipoambiwa aimbe. Mapacha walipotoka shule walikamatwa kupaka mawe chokaa. Bibi alibaki peke yake shambani, na kwa magoti yale alimaliza mistari miwili kwa siku, akirudi jioni ameshikilia ukuta. Jumamosi hivyohivyo.

*

Jumapili baada ya ibada Mratibu aliitisha mkutano ukingoni mwa shimo, ambalo sasa lilikuwa na zege upande mmoja na vyura upande mwingine. Alikuwa na jambo. Katika ile nchi, alisema, wanakijiji walitoa ardhi yao bure ili barabara zipanuliwe. Walitoa huku wanatabasamu. Kulikuwa na picha. Wageni wangeuliza, na mchango wa ardhi ulikuwa na alama ishirini katika mia. Kutoka barabara kuu mpaka ukumbini njia ilizunguka vibaya. Ikinyooshwa, ingekata mahali pamoja tu.

Alinyoosha kidole. Watu walikifuata kile kidole kwa macho mpaka kilipofika, kisha wakayaondoa macho yao haraka.

“Huko kwa wenzetu kiongozi ndiye aliyetangulia,” alisema Mratibu. “Katibu?”

Mama Pacha alikuwa amesimama na wanawake, beseni kiunoni. Alimwona mumewe akivua kofia, akiitazama kwa ndani, akiivaa tena. Kwa kweli ulikuwepo muda wa kutosha wa kusema hapana. Hata mimi ningeweza kuhesabu mpaka ishirini.

“Natoa,” alisema Katibu.

“Unatoa nini?” Mkewe alisema kwa sauti ya kawaida, lakini ilisikika. “Hapo pamepandwa. Mbegu iko chini tangu Alhamisi.”

“Ni mita sita tu, Mama Pacha,” mtu mmoja alisema nyuma, kwa upole, kwa kuwa hazikuwa mita sita zake.

Makofi yalipigwa. Walipiga kwa nguvu, kwa moyo wa watu ambao kamba ya kupimia haingepita kwao, na mke wa kinyozi alipiga pia, ila alipokutana na macho ya mwenzake alijifanya anakung’uta vumbi viganjani.

Jumatatu kamba ilivutwa. Aliyeshika ncha moja alikuwa Katibu. Lori la kifusi lilikuja saa nne, na kwa kuwa mita sita hazitoshi lori kugeuza, liligeuzia shambani, mara ya kwanza, ya pili, ya saba. Jumatatu na Jumanne mbegu za Mama Pacha zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza kutoa ncha za kijani. Yeye alikuwa kwenye kokoto, hatua mia mbili kutoka pale, na kila lori lilipovuma alihesabu bila kutaka.

Jumatatu jua lilikuwa kali. Jumanne likawa kali zaidi.

*

Wageni walifika Jumatano saa nne na robo, magari matano meupe. Mgeni mwenyewe, mkuu wao kutoka ile nchi, alikuwa mzee mfupi aliyevaa suti ya kijivu na viatu vya kawaida. Watu walikuwa wametegemea jitu. Mikono yake ilikuwa mipana, kucha nene zenye mipasuko, na Mama Pacha, aliyekuwa amepangwa mstari wa mbele kwa kuwa ni mke wa Katibu, aliitambua mikono ile kabla hajaitazama sura.

Walipita barabara mpya kwa miguu, wimbo ukiimbwa, bendera za njano pande zote. Nusu ya njia mzee alisimama. Aliacha wimbo uendelee bila yeye, akatoka pembeni, akachuchumaa. Kati ya alama za matairi ya lori kulikuwa na vichipukizi vimesalia, hapa viwili, kule vitatu. Akauliza kitu.

Mkalimani, mwanamke mwenye viatu vyeupe ambavyo vilikuwa vinamtesa kwenye kifusi, alisema: “Anauliza hii ni nini.”

“Mwambie ni majani,” alisema Mratibu.

Mzee aliingiza kidole udongoni, akakitoa kichipukizi pamoja na punje yake, akakiweka kiganjani. Akasema maneno mengi kidogo.

“Anasema si majani. Ni mahindi. Anasema yeye ni mtoto wa mkulima, amelima mpaka alipokuwa na miaka thelathini. Anauliza nani amepanda hapa.”

“Mimi,” alisema Mama Pacha, akatoka mstarini.

Wimbo ulikatika. Mzee alimtazama uso, kisha mikono, na akainama kidogo, salamu ya kwao. Ikawa ni mara ya kwanza katika mpango wote kwa mtu kumwinamia mwanamke yeyote wa kijiji kile.

“Anauliza,” alisema mkalimani, “huu ndio msimu wenu wa kupanda?”

Palikuwa na watu zaidi ya mia mbili, wakulima wa kuzaliwa, na hakuna hata mmoja ambaye hakuwa na jibu. Mratibu alitabasamu.

“Aulizwe Katibu. Yeye ndiye mtunza kumbukumbu, na alitembelea kwao.”

Katibu alisogea mbele. Kofia yake ilikuwa mpya, suruali ameinyoosha mwenyewe mpaka mkunjo unakata. Mkewe alikuwa hatua mbili kutoka kwake. Angeweza kumgusa. Alimtazama tu, na kwa muda mfupi alikuwa tena anamwamini, ujinga ambao hakujisamehe baadaye.

“Hapana,” alisema Katibu. “Huu ni msimu wa mapumziko.”

Mkalimani alitafsiri. Mzee alionyesha kiganja chake. Na haya?

“Yameota yenyewe,” alisema Katibu. “Punje zilidondoka wakati wa mavuno.”

Yalikuwa yameota kwa mstari. Yalikuwa yameota hatua kwa hatua, mawili mawili kila shimo, mpaka mwisho wa kipande ambacho lori halikukifikia, na kila mwenye macho aliyaona.

“Mwambie si kweli,” Mama Pacha alimwambia mkalimani. “Dada yangu, mwambie huyu mzee si kweli. Mwambie nilipanda Jumatano na Alhamisi.”

Mkalimani alimtazama Mratibu. Mratibu alitazama saa.

“Ratiba imebana,” mkalimani alisema kwa upole, kwa Kiswahili. Akarekebisha kiatu.

Mzee aliitazama ile mistari. Alimtazama Katibu kwa muda usiopendeza. Kisha akachimba kijishimo kwa kidole, akakirudisha kile kichipukizi udongoni, akakandamiza kwa gumba, akasimama na kupangusa goti. Alijua. Naapa alijua, na angeweza kusema neno moja tu mbele ya wale watu wote, na hakulisema. Alikuwa mgeni, na chakula kilikuwa kinapoa. Msafara ukaendelea, na mapacha, waliokuwa wameshika bendera, walikuwa wameacha kuzipunga.

Saa saba kijiji kilitangazwa Kilichosimama. Katibu alipewa cheti mbele ya shimo na akaambiwa barua ya uteuzi inakuja. Mratibu alimkumbatia. Kila mtu alipiga makofi, na baadhi walimaanisha.

*

Saa kumi magari yalikuwa yameondoka. Katibu alivua nguo nzuri, akavaa za kazi, akachukua jembe lake nyuma ya mlango, lile ambalo halikuwa limeshikwa msimu mzima, akaenda shambani. Hakumwambia mtu. Sitaki kumwonea: alikuwa na aibu, na aibu yake ilikuwa ya kweli, iliyokuja baada ya cheti.

Udongo ulikuwa umefunga. Jembe liliruka mikononi mwake, na mashimo aliyotoa yalikuwa mafupi, yenye kingo ngumu na vumbi. Hata hivyo alichimba. Alichimba mstari mmoja, wa pili, wa tatu, amenyoosha vizuri kwa jicho la fundi, mpaka viganja vikatoa malengelenge. Wapita njia walimwona na wakamsalimia mkufunzi. Mashimo yalipofika sitini hivi aliinua kichwa, akagundua hana mbegu, akarudi nyumbani kuichukua.

Jikoni sufuria kubwa lilikuwa motoni. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu peku. Mapacha walikuwa wanasoma kwa mwanga wa mlangoni. Mama Pacha alikuwa anapanga sahani, na hakugeuka.

“Debe la mbegu liko wapi?” Katibu aliuliza. “Nimechimba upande wa juu. Tukiwahi kesho asubuhi na mapema…”

“Halina kitu,” alisema mkewe.

“Halina kitu vipi? Lilikuwa nusu.”

“Iko kwenye sufuria.”

Alifunua kifuniko akatazama. Mahindi yalikuwa yanachemka, punje kubwa zinazolingana, zile zilizochaguliwa kutoka masuke bora mwaka jana na kukaushwa juu ya moshi miezi saba. Katika nyumba ile, katika miaka yote ya shida, mbegu haikuwahi kuliwa. Mwaka wa njaa baba yake alikufa debe la mbegu liko darini, halijaguswa.

“Mama,” alisema Katibu. “Mmekula mbegu?”

“Bado,” alisema Bibi. “Inaiva.”

“Mvua inaweza kurudi wiki ijayo. Inaweza kurudi.”

“Ikirudi itakuta barabara.”

Mama Pacha alipakua. Alianza na sahani ya mumewe, kwa kuwa ni baba wa nyumba, na aliijaza mpaka ukingo. Akamwekea chumvi pembeni, akamletea maji ya kunawa, akamshikia bakuli. Malengelenge yalimuuma maji yalipoyagusa, akakunja uso. Mkewe alisubiri amalize, akamwaga maji nje, akaenda kukaa na wanawe.

Katibu aliitazama ile sahani kwa muda. Kisha alichukua punje chache kwa vidole, akatafuna polepole, halafu haraka, maana chakula cha wageni yeye hakukigusa kwa pirikapirika na tangu asubuhi hakuwa ameweka kitu tumboni. Alikula akiwa ameinama. Alipomaliza aliisogeza sahani mbele kidogo, namna mtu anavyofanya akitaka kuongezewa, na mama yake akainuka akamwongezea.